Kamba Ikae Mbele

Muuzaji alimwaga vizibo vya masikio mezani kwa mbwembwe, utadhani anauza peremende, na Rodah Cheptoo akavitazama bila hata kutabasamu. Hakuwa mtu wa kuchekewachekewa. Yeye ndiye aliyekuwa afisa wa usalama katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Kiptere, kazi ambayo hakuwa ameishika hata mwaka, na meneja alikuwa amemwambia waziwazi: chagua wewe, na kukiwa na shida ni juu yako.

"Hivi vya sponji ndivyo vinanunuliwa sana," muuzaji alisema. "Unabinya, unasukuma ndani, kinajaa sikio. Zamu ikiisha mtu anatupa. Kuna vya kamba, viwili vimeunganishwa, na vya bila kamba."

Vya bila kamba Rodah alivisukuma kando papo hapo. Kizibo kikidondoka kwenye chai, nani atakiona? Mtu anunue pakiti huko mbali, akute sponji iliyotoka sikioni mwa mwenzake! Kiwanda kingekuwa kimekwisha. Vikabaki vya kamba, aina mbili: vya manjano vilivyopunguza kelele kiasi, na vya buluu vilivyozima karibu kila kitu.

"Kwa kelele yenu hata hivi vya manjano vinatosha, madam. Ukizima sana, mtu hasikii hata akiitwa."

"Vya buluu," Rodah akasema.

"Lakini madam..."

"Nimesema vya buluu."

Hakumweleza kwa nini, na kwa kweli haikumhusu. Baba yake, Mzee Kipngetich, alisimama kwenye mashine za kusaga za kiwanda hicho hicho tangu Rodah hajazaliwa, masikioni akiwa na pamba aliyoinyofoa kwenye godoro, na alipostaafu alirudi nyumbani bila masikio. Yapo kichwani, sawa, lakini hayana kazi. Sasa ukimtaka mzee, unamrushia punje ya mahindi. Inamgonga begani, anageuka, anatabasamu. Mama ndiye aliyeanza, wajukuu wakaiga, na siku hizi hata majirani wanarusha huku wanacheka. Rodah hakuwahi kurusha hata moja. Kila alipotaka kusema na baba yake alizunguka mpaka mbele ya uso wake, hata kama ni kupita kwenye matope. Baba yake si kuku wa kurushiwa mahindi! Akiona mkono wa mtu ukiingia kwenye ungo, aliondoka uani kwa hasira.

Na mchezo huo ulitoka wapi? Ulitoka kiwandani. Kwenye ukumbi wa mashine za kusaga, ukitaka kumwita mwenzako aliye mbali, unachota chai mbichi iliyosagwa, unaibinya donge, unamtandika nayo. Ndivyo walivyoitana tangu zamani. Rodah aliupiga marufuku mchezo huo wiki yake ya kwanza. Chai ni chakula, aliwaambia, na nyinyi ni watu wazima.

Vizibo vilipofika, wafanyakazi walivipokea shingo upande. Aliyegoma wazi alikuwa Nyagaka, mtu wa Nyamira aliyeendesha mashine ya mwisho karibu na ukuta, mwenye mdomo usiojua kupumzika.

"Madam, sasa nikiziba masikio nitasikia udaku na nini?"

Mashine zilikuwa zimezimwa zisafishwe, kwa hivyo kila mtu alisikia na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Rodah hakucheka. Alimwendea, akabinya kizibo kwa vidole mpaka kikawa chembamba, akamvuta sikio juu na nyuma, akakisukuma ndani na kukishikilia hadi kikajaa. Akafanya vivyo hivyo upande wa pili. Nyagaka akatoa macho.

"Woi! Kumekuwa kaburini!" akapayuka.

"Vizuri kabisa," Rodah akasema, na Nyagaka hakumsikia.

Baada ya siku chache akagundua wanamchezea. Walikuwa wakipitisha kamba nyuma ya shingo, ndani ya kola, na kutoka mlangoni hakuweza kujua nani amevaa na nani amejitia tu amevaa. Wawili aliwakuta na vizibo vimelala ndani ya koti. Alipandwa na hasira. Akawakusanya, akatoa amri: kamba ikae mbele, kifuani.

"Nikisimama pale mlangoni nataka kuona buluu kwenye kila koti jeupe. Ambaye sitaiona kwake, aende nyumbani."

Mzee Ondieki, msimamizi wa zamu, mtu mpole aliyefanya kazi na baba yake Rodah, alikohoa kidogo. "Madam, hapa kuna vitu vinazunguka. Hii kamba ikikaa mbele..."

"Anayefanya kazi vizuri hainamii mashine, Mzee Ondieki."

Mzee Ondieki akarudi kazini. Na kamba zikakaa mbele.

Alasiri moja mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na malori yalileta majani yaliyolowa chepechepe. Majani ya namna hiyo ni adha tupu. Yanashikana, yanakwama, mashine inalalamika. Rodah alisimama mlangoni kama kawaida yake akihesabu buluu, na buluu zote zilikuwepo. Aliona raha. Alijisemea kwamba angalau hawa hawatarudi nyumbani kama baba yake.

Ndipo akamwona Nyagaka akifungua kifuniko cha mashine yake.

Majani yalikuwa yamekwama mdomoni mwa magurudumu yale ya chuma, yenye meno, yanayozunguka yakielekeana na kuipasua chai. Sheria ni kuzima mashine kwanza. Lakini ukizima, mkanda wote unasimama na chai inarundikana, kwa hivyo wazee wa kazi huchukua mti na kuchokoa hivyo hivyo ikizunguka. Nyagaka akachukua mti. Akainama. Na kamba ya buluu ikamning'inia kutoka kifuani, ikaanza kuyumba juu ya meno.

Rodah akapiga kelele.

"Nyagaka!"

Hata yeye mwenyewe, naye akiwa na vizibo vya buluu masikioni, hakuisikia sauti yake. Kati yao ulipita mkanda mpana uliobeba chai iliyosagwa, na kitufe chekundu cha kuzimia kilikuwa kwenye nguzo nyuma ya Nyagaka, ng'ambo kabisa. Mzee Ondieki, aliyesimama kando ya Rodah, naye alikuwa ameona. Akatia vidole mdomoni, akapiga mluzi. Mluzi ule zamani uligeuza ukumbi mzima. Safari hii hakugeuka hata mmoja. Walikuwa wamevaa vizuri, wote, jinsi alivyowafundisha kwa mikono yake mwenyewe.

Mzee Ondieki akaanza kukimbia kuuzunguka mkanda, viatu vya mpira vikimteleza kwenye sakafu yenye maji. Hatafika, Rodah akawaza. Mungu wangu, hatafika, na mimi ndiye nimemuua!

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye mkanda. Alichota chai, akaibinya, akarusha. Donge likaanguka njiani. Akachota tena, akarusha kwa nguvu zote, likagonga ubavu wa mashine na kutawanyika. Nyagaka akainama zaidi, uso wake sasa uko juu kabisa ya magurudumu, kamba imeyagusa majani. Rodah akachota mara ya tatu. Mkono ukamkumbuka mama yake uani: yule mama hatumii nguvu, anarusha kwa kifundo cha mkono tu, kiganja kinafunguka mwisho. Akarusha hivyo.

Donge likampata Nyagaka shingoni, pwaa.

Akainua kichwa kwa hasira na kugeuka kumtafuta mjinga aliyemrushia. Wakati huo huo kamba ikanaswa. Ikakaza mara moja, vizibo vikachomoka masikioni, na buluu yote ikazama kati ya meno. Nyagaka akabaki amesimama na mkono sikioni, akitazama pale uso wake ulipokuwa. Mzee Ondieki akakifikia kitufe, akakipiga kwa kiganja. Mkanda ukasimama, mashine zikafa moja baada ya nyingine, na watu wakaanza kutoa vizibo masikioni wakiulizana kuna nini.

Rodah alipomfikia, Nyagaka alikuwa anajifuta chai shingoni.

"Madam," alisema, "si ulisema chai ni chakula?"

Hakuna aliyecheka. Kisha Nyagaka akaketi chini kwenye maji, na Mzee Ondieki akachuchumaa kumshika mabega.

Meneja alikuja mbio. Malori ya wakulima yalikuwa yamepanga foleni uani na kiwanda kimenyamaza. Hilo halikuwa jambo dogo. "Nani amezima?"

"Ni mimi nimesababisha, bosi," Nyagaka akawahi kusema akiwa pale chini. "Niliinama vibaya. Kamba nilisahau kuificha."

Watu wote wakamtazama Rodah. Angenyamaza, mambo yangeishia hapo. Nyagaka angekaripiwa, pengine angesimamishwa kazi wiki moja, na yeye angebaki na heshima yake. Alitamani sana kunyamaza, asikudanganye mtu.

"Anasema uongo," Rodah akasema. "Ile kuinama mashine ikizunguka ni kosa lake, sawa. Lakini kamba niliiweka mbele mimi. Walitaka kuipitisha nyuma, nikawakataza. Mzee Ondieki alinionya, muuzaji naye alinionya, nikakataa. Na vizibo vimesagika humo ndani. Chai yote iliyo kwenye mkanda imwagwe."

"Yote? Wewe unajua unasema nini?"

"Najua."

 Meneja akageuka, akasema kesho asubuhi Rodah amwone ofisini kabla ya zamu, na akaondoka. Rodah hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Kabla zamu haijaanza tena, alirudi ofisini kwake, akatafuta vile vizibo vya manjano alivyoachiwa na muuzaji, akavileta. Hakutoa amri. Alimwomba Nyagaka avijaribu, kamba aipitishe nyuma na kuiingiza ndani ya kola. Mzee Ondieki akawasha mashine moja, kisha ya pili, mpaka ukumbi ukanguruma. Rodah akasogea hadi ukuta wa upande wa pili, akapaza sauti.

"Nyagaka!"

Nyagaka akageuka. Akainua dole gumba. Rodah akamwita tena, halafu tena, bila sababu yoyote, na kila mara Nyagaka akageuka, mpaka Mzee Ondieki akamgusa mkono na kumwambia inatosha, mama, amekusikia.

Jioni alifika nyumbani bado viatu vina matope. Baba yake alikuwa uani, amekalia gunia, amempa mgongo, anapukuchua mahindi. Ungo ulikuwa karibu na mlango. Rodah alisimama pale kitambo. Kisha akaokota punje moja, akairusha kwa kifundo cha mkono.

Ikamgonga begani. Mzee akageuka na tabasamu lake la siku zote, na alipoona ni nani, tabasamu likapotea.

"Kuna nini leo?" akauliza, kwa ile sauti yake ya juu isiyojua tena kipimo.

Rodah alimweleza kwa mikono: mashine, mtu anainama, kamba inaning'inia, donge linaruka. Mzee aliifuata mikono ile bila kupepesa. Hakuuliza ni mashine gani. Aliijua.

"Ulimpata wapi?"

Rodah akagusa shingo yake.

"Shingoni," mzee akasema, akitikisa kichwa kwa kukubali. "Ni hapo hapo." Akainua mkono wenye maganda ya mahindi, akajigusa kisogo chake. "Mimi Ondieki alinipiga donge hapa. Wewe ulikuwa bado tumboni. Usione vibaya wakinirushia, Rodah. Kama si hivyo, hungekuwa na baba."

Rodah aliketi chini kando yake, akaanza kulia kwa sauti. Mzee alikuwa ameshageukia mahindi yake, na aliendelea kupukuchua, asisikie kitu, hadi bega la binti yake lilipomgusa.