Maziwa ya Ruweyda

Povu lilipanda polepole kwenye sufuria, jeupe, likipumua kama kitu kilichoamshwa usingizini, nami nikalitazama kwa hofu. Tangu nizaliwe sikuwa nimewahi kuweka maziwa ya ngamia motoni.

"Sahro!" kaka yangu Dekow aliita kutoka zizini. "Wallahi, unataka kumkausha ngamia wangu?"

Kwetu Hulugho tuliamini hivyo: chemsha maziwa yake, na kiwele kitakauka. Tuliyanywa kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, yangali na joto la mwili wake.

Ndivyo mjukuu wangu Ruweyda alivyoyanywa likizo nzima. Kisha homa ikaanza kumjia kila jioni. Jasho lililowesha mkeka, na magoti yakamuuma kama ya ajuza, naye ana miaka kumi na mitano. Daktari kule Ijara alimpima damu, akasema vijidudu vimetoka kwenye maziwa mabichi. Anywe dawa wiki sita, asiruke hata siku moja, na maziwa yachemshwe.

Siku ya kumi na mbili msichana aliamka anacheka. "Ayeeyo, bibi yangu, twende mbio mpaka kisimani, nikuache na vumbi!"

Basi nikaona amepona. Vidonge vilivyobaki nikavifunga kwenye pindo la shuka, akiba ya mgonjwa mwingine, kama tunavyoweka nyama kavu kungoja kiangazi. Jioni nikamjazia kikombe kutoka kibuyuni.

Mwezi haukuisha. Asubuhi moja alishindwa kusimama. Akanishika kwa mkono uliokuwa ukiwaka. "Ayeeyo, si ulisema nimepona?"

Daktari hakunifokea. Aliandika dawa upya, kuanzia siku ya kwanza. Jioni ile ndiyo nikawasha moto.

"Akikauka nitakuomba radhi," nilimjibu Dekow. "Huyu akiniponyoka, nimwombe nani?"

Ruweyda alionja, akakunja uso. "Hayana moshi."

"Kunywa, mjukuu wangu."

Kila kidonge kiliposhuka kooni, nilichora mstari wa mkaa ukutani. Na kila alfajiri, kabla ya kufumbua macho, nilisikiliza kama maziwa bado yanagonga chombo kule zizini. Yaligonga. Mstari wa thelathini, Ruweyda alikwenda kisimani peke yake, akarudi akiuliza kama sasa amepona.

"Sijui," nilisema. "Ukuta haujaisha."

Asubuhi ya mstari wa mwisho Dekow alikuja mlangoni. Mkononi kibuyu kimejaa. Kwapani amebeba kuni.