Yangeyange wa Kiwiko

"Monji, umeniletea karatasi tupu."

Nilitamani kumchapa nayo. Bwana Kihachi, mwenye duka la picha ninalolichapia miaka yote hii hapa mjini Edo, kamshika yangeyange wangu mbele ya pua yake, halafu ananiambia karatasi tupu!

"Si tupu, bwana. Ni yangeyange mweupe kwenye theluji, hana wino. Nimeikandamiza karatasi kwa kiwiko kwenye ubao uliochongwa mpaka manyoya yakainuka. Inamisha kichwa, umtazame toka ubavuni."

"Shingo yangu imekaza tangu juzi, nitainamisha nini? Na wateja nao niwavunje shingo?" Akamwita seremala. "Lete randa. Ubao huu wa mcheri ni mzuri, tuukwangue tuchonge sura ya mwigizaji. Waigizaji angalau wanaonekana."

Ubao ule aliuchonga kaka yangu Yasaku, unyoya kwa unyoya, huku anakohoa mkono ukitetemeka. Alipoumaliza, kikohozi nacho kikammaliza. Sina kitu chake kingine duniani.

Nikaukalia. Ndiyo, niliukalia, mtu mzima na ndevu zangu.

"Toka hapo, Monji."

"Sitoki! Nipigeni randa mimi kwanza."

Ndipo akaingia Tokuichi, mkandaji kipofu, aliyeitwa kwa ajili ya ile shingo. "Kelele za nini? Lala kifudifudi, mzee. Shavu mkekani."

Bwana Kihachi akalala, akaendelea kunitukana toka huko chini. Tokuichi alipopapasa pa kuweka goti, mkono wake ukatua kwenye picha, mzee alikoiacha mkekani.

"Ndege wa nani huyu? Kaukunja mguu mmoja. Ila kanenepa, mlikuwa mnamlisha nini?"

"Hebu acha utani, kanda!"

Tokuichi akaisogeza picha kando, usoni kwa mzee, kisha akambinya. Bwana Kihachi akapiga ukelele. Nikajua basi, shingo imekatika.

"Yupo! Monji, ndege yupo! Mwanga wa mlangoni umemkuta! Wewe seremala, ukiugusa ubao huo tutagombana!"

Akakataa kuinuka. Mteja aliyekuja kuulizia picha aliamriwa alale. Wa pili akalala, na mama mmoja akalala na kapu lake la figili. Seremala akabaki wima na randa yake, hana pa kukanyaga.

"Na wewe je?" Tokuichi akaniuliza.

Loh, kweli. Mimi humkandamiza tu, sijawahi kumtazama toka chini. Nikateremka ubaoni, nikaweka shavu mkekani. Nyuma ya ndege kulikuwa na ile mikwaruzo ambayo siku zote nilidhani ni mkono wa Yasaku uliotetemeka. Kumbe ni nyayo za viatu vya mti, zimepita kwenye theluji na kwenda zake.

"Nani huyo aliyepita hapo?" Bwana Kihachi akaninong'oneza.

"Kaka yangu," nikasema, nikalia palepale sakafuni, huku Tokuichi, aliyenichanganya na wateja waliolala, akinikanda mgongo.