Pazia Mtumbwini

Wazo la kwenda kupunga upepo ziwani lilikuwa la mume wangu, na mpaka leo nikikasirika namkumbusha. Joram alikuwa dresa, msaidizi wa daktari, kwenye zahanati ndogo karibu na Turwa, na mwaka ule wa hamsini na saba alipewa likizo ya siku nne. Wanaume wengine wakipata likizo wanaezeka nyumba. Yeye alikuja na mpango wake tayari.

"Wegesa, tumbo lina miezi saba na bado unashika jembe," alisema. "Twende ziwani ukapumzike. Ni hapo tu. Asubuhi tunapanda lori, mchana tunakula samaki."

Sikubishana sana. Nilikuwa nimezaa mara mbili na kuzika mara mbili. Wa kwanza aliishi siku tisa, wa pili hakulia kabisa. Huyu wa tatu alikuwa mtundu, alinipiga mateke tangu jogoo la kwanza, na kila teke nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Akitulia kidogo tu, niliacha jembe, nikakaa chini, nikashika tumbo na kungoja. Nilichoka kungoja, na pengine ndiyo maana nilikubali safari.

Tungekwenda wawili, mambo yangenyooka. Lakini mama yangu, Waisiko, alipata habari. Mdogo wake, Mokami, aliolewa huko ziwani, ng'ambo ya ghuba upande wa Shirati, na walikuwa hawajaonana miaka sita. Siku ya safari, kabla jua halijachomoza, nilimkuta mama amekaa njiani na mzigo wake, amewapa mgongo watu wote wanaotoka nyumbani kwangu.

"Mama, hii ni safari ya mimi na mume wangu," nilisema.

"Nimekuzuia? Nendeni. Mimi nakwenda kwa ndugu yangu. Na tumbo hilo haliendi majini bila mimi."

Alinikata jicho, mazungumzo yakaisha.

Sasa, lazima nieleze jambo moja. Sisi Wakurya tuna insoni. Mkwe na mama wa mke wake hawatazamani usoni, hawasemezani, hawapeani kitu mkononi, na kugusana ndiyo kabisa. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Kwa miaka minne ya ndoa yangu mama hakuwahi kuuona uso wa Joram. Na mama yangu aliamini jambo jingine zaidi, tena aliliamini kama anavyoamini mvua: insoni ikivunjwa, wakubwa hawapatwi na lolote, adhabu inashuka kwa mtoto. Baada ya makaburi mawili, aliniuliza kwa siri kama mume wangu aliwahi kukanyaga kivuli chake. Nilimjibu sijui. Hakulala wiki nzima.

Joram alikuwa akicheka mambo haya. "Watoto wetu waliuawa na homa," alikuwa akisema, "si kivuli cha mama mkwe." Alisema hivyo mbele yangu, akiwa na koti lake jeupe la zahanati. Lakini sikuwahi kumwona akipita njia ambayo mama yuko.

Kwenye lori tuliweza. Joram alikaa mbele na dereva, amevaa koti lake na chombo cha kusikilizia matumbo mfukoni, mama na mimi nyuma na magunia ya mtama. Njia ilitutikisa mpaka meno, lakini milima ilishuka nyuma yetu, hewa ikawa nzito na yenye harufu ya samaki, na mara ziwa likatokea lote kwa pamoja. Sikuwa nimeona maji mengi hivyo. Mtoto alipiga teke. Kwa kitambo kidogo nilifurahi, nikamsamehe kila mtu.

Ufukoni tulimkuta mwenye mtumbwi, Rubeni, mtu mfupi mwenye mikono mirefu. Joram alimwomba avushe mara mbili, kwanza wanawake, kisha yeye. Rubeni alitazama mbinguni.

"Mara moja tu," alisema. "Upepo wa mchana unakuja. Nikiwaacha wanawake ng'ambo sirudi leo. Mnapanda wote au mnazunguka kwa miguu, mtafika kesho."

Kwa miguu, na tumbo la miezi saba. Mama alifikiri akiwa amegeukia upande, kisha akanivuta mkono. "Mwambie mumeo akae nyuma kabisa, atazame kule tulikotoka. Mimi nitakaa mbele. Wewe utakuwa ukuta."

Rubeni alisikia, akacheka. "Ninyi watu wa milimani mna kazi! Haya. Lakini mama, ukikaa mbele wewe ndiye macho yangu. Katikati kuna majabali yamejificha. Ukiona maji meupe piga kelele."

Tukaondoka hivyo. Mama mbele na kaniki yake, mimi katikati, Joram nyuma yangu amenipa mgongo, uso kwa uso na Rubeni aliyekuwa akipiga kasia. Nusu ya kwanza ilikwenda salama. Mama alikuwa mlinzi mzuri, alipaza sauti mara mbili, na mara mbili Rubeni alikata kona.

Upepo ulikuja mapema kuliko alivyosema. Mawimbi yalianza kupiga ubavuni, maji yakaingia miguuni petu. Rubeni alianza kuhema, na mtumbwi ulikuwa hausogei.

"Bwana dresa!" aliita. "Chukua kasia la pili. Geuka utazame mbele, la sivyo tutasukumwa kwenye mawe."

Mama alikuwa na masikio ya paa. "Anageuka?" aliniuliza bila kugeuza shingo.

"Anageuka, mama. Anasaidia kazi."

"Atanitazama mgongo."

"Ni mgongo tu, mama!"

"Mgongo wa nani? Mtoto wa nani yuko tumboni mwako?" aliuliza. "Tandaza kanga, Wegesa. Inyanyue."

Nikafungua kanga yangu, nikaishika ncha mbili kwa mikono miwili, nikainyanyua juu kama pazia kati ya mama yangu na mume wangu, katikati ya ziwa, katika upepo ule. Hata mimi nikisimulia naona aibu. Papo hapo Rubeni alipiga kelele.

"Shusha hicho kitambaa! Sioni mbele!"

"Usithubutu," alisema mama.

"Wegesa, shusha," alisema Joram. Lakini alisema taratibu mno, kama mtu anayeomba asisikilizwe.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na watoto wawili kaburini. Ungekuwa wewe, ungeshusha? Sikushusha. Kanga ilipiga huku na huku, na kila ilipoinuka mama alihisi macho ya mkwewe juu yake, akavuta kaniki akajifunika kichwa na uso wote. Macho ya Rubeni yakawa yamefungwa hivyo. Kisha upepo ukaingia kwenye kanga, ukaijaza, na mtumbwi mzima ukageuka ubavu kwa nguvu ya mikono yangu mwenyewe. Sikuyaona maji meupe. Nilisikia tu mbao zikilia chini yetu, na kufumba na kufumbua tulikuwa majini.

Niliibuka nikikohoa. Mkono mrefu wa Rubeni ulinishika nguo, ukanisukuma juu ya mtumbwi uliopinduka, nikaukumbatia. Ufuko wa kina Mokami ulikuwa karibu, hatua mia mbili hivi, na niliona watu wakikimbia. Lakini mama alikuwa amechukuliwa upande mwingine. Kaniki yake ilijaa hewa ikamshikilia juu, na ilikuwa inashuka.

Joram alijua kuogelea, alijifunza Musoma alipokuwa masomoni. Alikuwa tayari amevua koti anamfuata, kasia mkononi. Alifika umbali wa kasia lenyewe, akasimama pale anapiga maji kwa miguu, akageuza uso pembeni, akamsukumia ule mti.

"Wegesa!" aliniita. "Mwambie mama yako ashike kasia!"

"Mama, shika kasia!" nilipiga kelele.

Alilishika. Wimbi lilikuja, kasia likawatoka wote wawili, likaenda zake. Mama alizama, akaibuka, akatema maji.

"Mwambie arudi!" alisema. "Mwambie akushike wewe!"

Wanasema mfa maji haachi kutapatapa. Mama yangu hakutapatapa. Alikusanya mikono yake kifuani, makusudi, ili isije ikamgusa mtu. Na Joram, yule bwana wa homa, bwana wa koti jeupe, alibaki palepale umbali wa kasia moja, hasogei mbele, harudi nyuma. Aligeuka akanitazama. Hapo nikauona uso wake. Alikuwa anaogopa kuliko mama. Miaka yote ile ya kucheka, naye alikuwa akingoja teke kama mimi, na akilini mwake alikuwa amekwisha piga hesabu: mama huyu au mtoto yule.

"Asiniguse! Wegesa, mtoto!" alilia mama, na kichwa chake kikaenda chini.

Hasira niliyoipata sijaipata tena. Niliwachukia wote wawili kwa upendo wao. Walikuwa wanamwua mama yangu mbele ya macho yangu, kwa ajili yangu, bila kuniuliza.

"Joram!" nilipiga kelele mpaka koo likachanika. "Mshike mama yangu! Tumbo ni langu! Likiharibika nimelikubali mimi! Mshike!"

Joram alipiga mbizi. Maji yakajifunga juu yao, nikabaki naona mawimbi tu. Rubeni alikuwa akisema kitu, sikumsikia. Kisha vikaibuka vichwa viwili pamoja. Mume wangu alikuwa amemshika mama yangu chini ya kwapa, kifuani kwake, na mama amemng'ang'ania shingo kwa mikono yote miwili.

Walitutoa watu wa Mokami. Mama mdogo alikuja mbio akilia, akamfunika mama yangu blanketi, akatufunika na sisi. Mama alilazwa kifudifudi, akatapika maji, akapumua. Joram alikaa mbali kidogo, kichwa kati ya magoti. Watu walimsifu na kumpiga mgongoni. Hakuna hata mmoja wetu aliyefurahi.

Mimi nilikuwa nimeshika tumbo. Tangu nianguke majini, halikuwa limecheza. Nilibonyeza upande wa kulia anakopenda kuweka kisigino. Nikangoja. Nilibadili ubavu, nikavuta pumzi, nikangoja tena. Ndani yangu palikuwa kimya kama kwenye nyumba iliyohamwa.

Sikutaka kusema. Lakini mama alikuwa ananitazama kutoka pale alipolala.

"Anacheza?" aliuliza.

Machozi yalinitoka yenyewe.

Mama alijiinua kwa viwiko, akakaa. Blanketi lilimteleza kichwani, hakulirudisha. Nywele zilikuwa zimemlowa, midomo imegeuka bluu. Alimgeukia Joram, akamwita. Hakupitia kwangu. Kwa mara ya kwanza tangu nimeolewa, mama yangu alisema na mume wangu.

"Wewe. Wewe si dresa? Njoo umsikilize mtoto."

Joram aliinua kichwa. Kile chombo chake cha kusikilizia matumbo kilikuwa mfukoni mwa koti, na koti lilikuwa chini ya ziwa. Alikuja kwa magoti, akalitoa blanketi, akaweka sikio lake tupu kwenye tumbo langu. Sikio lilikuwa la baridi. Akasikiliza upande mmoja. Akahama. Mokami aliwanyamazisha watu kwa mkono.

Mimi nilishindwa kumtazama Joram, nikamtazama mama. Alikuwa amemkazia mkwewe macho usoni, uso mzima, bila haya na bila kupepesa, anasoma kila kinachopita pale. Kila Joram alipokunja kipaji, naye alikunja chake. Sikupata kumwona mtu akimtazama mtu mwingine namna ile.

Joram alihama tena, chini zaidi, kushoto. Akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka nikataka kumpiga.

"Yupo," alisema.

"Usinidanganye," nilimwambia.

"Yupo, Wegesa. Anakwenda mbio. Mbio kweli. Amekasirika kama mama yake."

Mama hakuamini maneno, hajawahi kuamini maneno. Alitambaa juu ya mchanga mpaka nilipolala.

"Sogea," alimwambia. "Nami nisikie."

Joram alisogea kidogo, lakini hakutoa sikio lake, kwa sababu hakuwa tayari kuuacha ule mlio. Basi mama akainama, akaweka sikio lake palepale, paji la uso wake kwenye paji la mume wangu. Walikaa hivyo juu ya tumbo langu, wote wawili wanalia, na mimi nikawaacha wasikilize.