Mwalimu Asiyeruhusiwa Kushika Bisibisi

Mikono ya mwalimu wa useremala ilikuwa na tabia ya kumtangulia. Mwenyewe bado anasalimia watu mlangoni, mikono imeshafika mezani inakagua droo inayokwama. Pale chuoni wanaapa kwamba siku moja alikwenda msibani, na wenzake wakiwa wanafuta machozi, yeye alionekana amepiga magoti anakaza miguu ya benchi la wafiwa, nao wafiwa wamelikalia.

Wanafunzi walimwita Lete Hapa. Mtu akipinda msumari tu, au akishika patasi kama aliyeshika panya mkiani, mwalimu hukohoa, husogea, kisha husema, "Lete hapa!" Basi, kazi inaisha inang'aa, na mwanafunzi anapata alama za juu kwa kiti ambacho mchango wake ulikuwa kuleta mbao.

Akaja mkuu mpya wa chuo, mama mmoja mpole, mkali kama wembe uliofungwa kwenye pamba. Chini yake masomo yakahamia kwenye simu. Mwanafunzi alitazama video nyumbani, akamsikiliza mwalimu wa simu mwenye sauti laini kama ya muuza marashi, kisha akaja karakana kufanya kazi kwa mikono yake.

"Na mimi?" aliuliza Lete Hapa.

"Wewe unauliza maswali," mkuu alimjibu. "Hushiki zana, hutoi jibu. Unauliza, wao wanafikiri."

"Na mkono ukiponyoka?"

"Nimeshakuja kukutazama mara mbili, mwalimu, na mara zote uliponyoka. Mara ya pili ulinitengenezea hadi kalamu yangu. Alhamisi nakuja tena. Ukishika kitu, karakana nampa mwingine, wewe unakwenda stoo kugawa zana."

Stoo! Akabidhi nyundo asubuhi, azipokee jioni, na katikati asikie kwa mbali zinavyotumiwa vibaya. Heri wamzike na randa yake mapema.

Jioni ile hakukaa. Alizunguka sebuleni hadi mkewe akahisi kizunguzungu kwa niaba yake.

"Njoo ufanye mazoezi, baba watoto," mkewe alisema. "Keti hapo. Mikono iweke chini ya mapaja."

Akavua kiatu, akachukua msumari, akaanza kuupigilia ukutani kwa kisigino. Pigo la kwanza, mwalimu alifumba macho. Pigo la pili, msumari ukalala ubavu kama mlevi. Mwalimu alikuwa ameshasimama.

"Umeanguka mtihani," mkewe alisema. "Tena mbele ya kiatu."

Alhamisi ikafika, na kazi ya siku ilikuwa kupachika mlango mpya kwenye chumba cha zana, kijumba cha ukuta mzito mwisho wa karakana, chenye kidirisha kimoja cha nondo. Wanafunzi walikuwa watatu: Mrefu, kijana aliyeweza kubadili taa bila ngazi, Mama Pacha, aliyerudi shule baada ya wanawe pacha kuoa, na Kimya, ambaye jina lake linamtosha. Simu ya Mrefu iliegemezwa kwenye meza ya kazi, nje ya chumba, mwalimu wa simu akiendelea kuwapa maelekezo. Mkuu alitua mkoba wake pembeni ya simu, akawafuata wote chumbani kutazama.

Lete Hapa alisimama kama anayesubiri kuchomwa sindano. Kimya alipachika bawaba huku skrubu moja imekaa upogo. Mwalimu akabadilisha mguu wa kusimamia. Mama Pacha alichimba tundu la kitasa kama anayechimba choo. Mwalimu akahesabu nondo za dirisha, akazihesabu upya. Ulimi ulimwasha kuliko vidole.

Kitasa kikaingia. Na hapo ndipo alipoona kwamba kishikio, pamoja na kile chuma cha pembe nne kinachozungusha kitasa, vyote vimeachwa juu ya meza kule nje. Mlango ukifungwa sasa hautafunguka kutoka ndani.

Alitafuta swali. Jamani, alilitafuta! Lakini mtu aliyegawa majibu maisha yake yote hana akiba ya maswali. Alichopata ni hiki:

"Je... mna kila kitu?"

"Kila kitu, mwalimu," alisema Mrefu.

"Vizuri," mkuu akasema. "Ufungeni tuone."

Mrefu akausukuma kwa bega. Klak!

Wakatazamana. Mama Pacha alipapasa tundu tupu la kitasa. "Kishikio kiko wapi?"

Kutoka nje ikasikika sauti ya marashi: "Hongera! Sasa mlango wako uko tayari kwa matumizi."

Walipiga kelele wote kwa pamoja, lakini karakana ya jirani watu walikuwa wanakata vyuma, na msumeno ule ungefunika hata tarumbeta ya kiyama. Mkuu alipapasa ubavuni akitafuta mkoba wenye simu, akakumbuka ulipo.

"Mwalimu," alisema, "nina kikao. Tufungulie."

"Mkuu, huko ni kushika."

"Nakuruhusu."

Bisibisi ilikuwa juu ya kreti, karibu kabisa. Mkono wa kulia ulikuwa umeshaondoka, wenyewe kama kawaida, Mrefu alipohema. Alihema kwa huzuni, mabega yameshuka, mtu aliyeshindwa na dunia. Kwa miaka mwalimu alikuwa akisikia pumzi za namna hiyo, anaichukua kazi na kuimaliza mwenyewe. Lakini safari hii, kwa kuwa siku nzima hakuwa na la kufanya ila kutazama, aliona jicho la yule kijana likimchungulia kwa pembeni kuona kama mtego umenasa.

Kumbe!

Akageuka kwa Mama Pacha. Naye alikuwa ameshaweka nyundo chini, anasubiri. Kimya alikuwa ameshakaa.

Mwalimu akaiangusha bisibisi kwa mguu, akaisukuma hadi miguuni pa Mrefu, akaketi juu ya kreti.

"Huu mlango unashikwa na nini?"

"Mwalimu, hatuna muda..."

"Nimeuliza."

"Kitasa," Mrefu alinung'unika.

"Na upande wa pili?"

"Bawaba."

"Bawaba ziko ndani au nje?"

Mkuu alitazama saa. Jibu lilimjaa mwalimu mdomoni, akaling'ata.

"Ndani," alisema Mama Pacha polepole. "Ziko huku kwetu. Na bawaba ina pini katikati. We Mrefu, nipe msumari mnene! Ubebe mlango usituangukie!"

Aligonga kutoka chini kwenda juu. Alijigonga kidole, akatukana ukoo wa fundi aliyebuni nyundo, akaendelea. Pini ya kwanza ikatoka, kisha ya pili. Mrefu akiguna, Kimya akisukuma, mlango ukachomoka upande wa bawaba, na hewa ya vumbi la mbao ikawapokea.

Mkuu alichukua mkoba wake, akasita.

"Ulikiona kile kishikio mapema?"

"Nilikiona."

"Ungeweza kuuliza swali zuri zaidi."

"Ningekuwa nalo ningeliuliza, mkuu. Ndiyo kwanza naanza kuyatengeneza."

Mkuu alicheka kwa pua. "Karakana ni yako," alisema, akaondoka mbio.

Lete Hapa alirudi ndani akitaka kuwatangazia, akawakuta wameshaupandisha mlango upya, wanabishana kwa sauti kuhusu ile skrubu ya upogo. Hakuna aliyegeuka. Akasogea karibu, mikono mgongoni.

"Mwalimu, samahani," alisema Mrefu, "unatuzibia mwanga."

Akahamia kushoto. Kimya naye akawa anataka kupitisha ubao pale. Akahamia dirishani, kisha mezani, kisha katikati ya karakana yake mwenyewe, akageuka huku na huku, akitafuta mahali pa kusimama.