Mtini Uliolelewa Kama Mgomba

Damari alikuwa mtoto wa migombani. Kwao Rungwe, ambako mvua huja bila kuitwa na kuondoka ni mpaka ibembelezwe, mwanamke alipimwa kwa migomba yake. Aifagilie, aitie samadi kutoka zizini, aimwagie maji ya vyombo shinani, ayakate majani yakianza kuning'inia. Mgomba haushibi, ulishe nao utakulisha. Mafunzo hayo aliyanyonya pamoja na maziwa ya mama yake, na mumewe Isakwisa alipohamia Chunya kutafuta dhahabu, Damari aliteremka nayo mpaka kwenye lile joto na lile vumbi.

Aliteremka na kitu kingine pia. Kikapuni, ndani ya kitambaa kilicholoweshwa, alibeba kijiti cha mtini alichopewa na baba yake.

Baba yake, Mwinjilisti Mika, alikuwa na neno moja lililomkaa rohoni kama mwiba. Kila mwaka alilifundisha darasa la ubatizo habari ya Bwana aliyeona njaa njiani, akauendea mtini, akakuta majani matupu, akaulaani ukanyauka. Na kila mwaka hakosekani mmoja wa kuuliza: mti ulikuwa na kosa gani? Bwana mpole vile, ataukasirikiaje mti? Damari mwenyewe, msichana wa mdomo mwepesi, aliwahi kusimama akauliza mbele za watu, na baba yake akamwambia, "Kaa chini." Jioni, wakila, mzee akasema taratibu, "Sikukukaripia kwa ubaya, mwanangu. Sijui jibu. Nafundisha tunda ambalo sijawahi kulila."

Na kweli hakuwahi. Mtini wa bustani ya misheni ulikuwa na majani mapana ya kufunikia chungu, lakini vitunda vyake vilioza kwa mvua kabla ya kuiva. Siku moja ya ujana wake Mika alichuma kibichi kwa siri akaking'ata. Utomvu mweupe ukamchoma, midomo ikavimba, na Jumapili akashindwa kuimba. Basi aliposikia kwamba bintiye anakwenda nchi ya jua kali, alikata kijiti akamkabidhi. "Kikizaa, niletee hata moja kabla sijafa." Damari akaahidi, na ahadi ni deni.

Kijiti kilishika. Damari akakilea kwa njia pekee aliyoijua. Alikipanda nyuma ya jiko, akaomba samadi kwa Wasangu waliolisha ng'ombe upande ule, na kila jioni akakinywesha debe zima la maji alilolibeba kichwani kutoka kisimani. Jani likianza tu kuinama, kisu kinapita. Mti ukanenepa, ukapita paa. Wapita njia waliusifu, mbuzi wakaupenda kuliko wapita njia. Miaka ikaenda, tunda hakuna.

"Mama Tusekile," Isakwisa alimtania, "mti huu unakunywa kuliko mimi, na mimi nikinywa naimba angalau."

Kila alipokwenda kumsalimu baba yake, Damari alisema lile lile: "Majani tu, tata." Na mzee, akikumbuka habari ya yule mtunza shamba aliyeuombea mti mwaka mmoja zaidi, akamjibu: "Palilia, mwanangu. Ongeza samadi." Damari akaongeza. Tusimcheke. Migomba ilisema samadi, Maandiko yalisema samadi, na baba yake alisema samadi. Ni nani angebisha?

Ukafika mwaka wa hamsini na sita. Dhahabu ilikuwa ya kubahatisha, machimbo yakifungwa moja baada ya jingine, na Isakwisa akaamua kwamba mvua zikianza watarudi Rungwe. Damari akaanza kuhesabu kimoyomoyo: mtini ukikosa kuzaa kiangazi hiki, hautazaa tena mikononi mwake. Katikati ya hesabu hiyo, kwenye baridi ya Juni, ikaja habari kwamba Mwinjilisti Mika amelala kwa kifua na bintiye anatakiwa.

Alimwachia mumewe maagizo mara tatu: debe kila jioni, samadi kila wiki, majani yakatwe. Isakwisa akaitikia yote. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Damari alimuuguza baba yake mpaka vumbi la Septemba. Mzee akaweza kukaa juani, lakini mwili ulibaki mifupa, na wote wawili waliona kilichokuwa kinakuja. "Mtini wako?" aliuliza siku ya kuagana. Damari akashindwa kusema majani tu. "Narudi kuutazama, tata," akasema, na njia nzima alijifuta machozi, akawaambia wenzake wa kwenye lori kwamba ni vumbi.

Alipofika nyumbani hakuingia ndani, alizunguka moja kwa moja nyuma ya jiko. Asiyekuwepo na lake halipo: mtini ulikuwa umepungua, majani machache na mengine ya njano, na shina limezungukwa na rundo la mawe.

"Baba Tusekile! Umeniulia mti!"

"Mti upo, mama. Umekonda tu, kama mimi."

"Samadi iko wapi?"

"Wasangu walihama na ng'ombe zao kutafuta majani. Ningetia samadi ya nani, yangu?"

"Na maji?"

"Kisima kilishuka. Nilikuwa naunywesha Jumamosi tu, nikishafua. Hapo naumwagia mabeseni yote, mpaka mgongo uniume."

"Na mawe haya?"

"Mbuzi," alisema Isakwisa, akatazama pembeni.

Damari alipiga magoti kwa hasira, akaanza kuyatupa mawe huku na huku. Chini yake udongo ulikuwa wa baridi, ukiwa na unyevu bado, nje kukiwa kumekauka kama kigae. Akasimamisha mkono. Akainua kichwa. Kwapani mwa jani, pale ambapo kisu chake kilikuwa hakijapita miezi yote ile, alikuwepo mtoto wa tini, wa kijani, mnene kama kidole gumba. Juu yake mwingine. Tawi la pili pia.

Alilia, akacheka, akayarudisha mawe moja moja mahali pake. Radhi hakuomba, maana kuomba radhi kwa Isakwisa ni kumpa la kutambia mwezi mzima. Ila jioni ile finyango kubwa ya nyama ilikuwa kwenye sahani ya mume.

Tangu hapo aliushika utaratibu wa Jumamosi, na mtu asimtajie samadi. Tini ya kwanza kuiva ilikwenda na ndege. Zilizofuata akazivika vifuko vya khanga kuukuu, mti ukawa kama kichwa cha mwanamke aliyesukwa nusu. Aliposikia harufu ya asali na kukuta shingo za tini zimelegea, alizichuma alfajiri, akazilaza kikapuni juu ya majani yake. Isakwisa alinyoosha mkono. Damari akaupiga kofi. "Tata kwanza."

Kikapu alikipakata njia yote, akiruka nacho kila lori liliporuka. Haikusaidia. Alipokifunua Mbeya, zilikuwa zimekuwa uji. Katikati ya uji ule, moja tu ilikuwa nzima. Uji akaumwaga, na hiyo moja akaishika mkononi mpaka Rungwe.

Baba yake alikuwa ameegemea ukuta, juani. Damari alimweleza yote, hata habari ya samadi. Mzee akajikuna kidevu. "Basi yule mtunza shamba hakuwa na ng'ombe wengi kama sisi," alisema. Kisha akapokea tini, akaigeuza, akainusa, akaiombea sala ndefu kuliko ya sahani ya Krismasi. Akauma.

Alifumba macho. Utamu ukamtiririka kidevuni, naye hakuufuta. Alikula polepole mpaka kikonyo, akalamba vidole kimoja kimoja kama mtoto.

"Lete nyingine."

"Ndiyo hiyo tu, tata. Zilizobaki ziko mtini, bado mbichi. Wakati wake haujafika."

Mzee alikivuta kikapu, akachungulia. Majani. Akayapekua moja moja. Majani matupu. Uso ukamkunjamana, na yule mpole wa miaka yote, ambaye hata jogoo hakumtukana, akakisukuma kikapu kwa fimbo kikaviringika mpaka uani.

Halafu akatulia. Alikitazama kikapu, akaitazama fimbo yake. Akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika na Damari akamkimbilia mgongoni.

"Acha, acha," alisema akihema, machozi yakimtoka. "Nenda kasimame pale, Damari. Lile swali lako. Uliza tena."

Damari, mama mzima mwenye mvi, alikwenda akasimama mbele ya baba yake. "Mti ulikuwa na kosa gani, tata?"

"Kaa chini, mwanangu," alisema Mwinjilisti Mika. "Bwana alikuwa ameshaionja tini."