Kisanduku cha Mama wa Nani

Mwaka 2002 jirani yangu Ezechiel, fundi cherehani wa hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, alikuwa na kompyuta aliyoiunga kwa vipande vya kompyuta tatu zilizokufa. Vipande alivichimbua soko la Chilinde, kule Lilongwe. Kifuniko haikuwa nacho, matumbo yote nje kama mbuzi wa Noeli. Ilikula betri ya gari, na ikiwashwa mkewe alifukuza kuku uwanjani wasije wakaikanyaga.

Hakuna aliyemlipa. Ilikuwa raha yake tu. Alikuwa ameitungia programu ya kutafuta ndugu waliopotezana vitani. Rafiki yake Apollinaire, wa kambi ya Nyarugusu kule Tanzania, alimtumia orodha za wakimbizi kwa barua pepe. Ezechiel alizichukua kwenye duka la intaneti Lilongwe, akazileta kwa disketi aliyoificha ndani ya Biblia isipate vumbi. Ile Biblia ilifunguliwa mara nyingi kuliko ya pasta.

Gloriose, tuliyetoka naye Fizi kule Kongo, alikuwa akimtafuta dada yake Antoinette tangu vita vya tisini na sita. Kila orodha ilipofika alivaa kitenge cha kanisani, akakaa mbele ya kioo cha ile kompyuta. Ezechiel aliandika Antoinette kwa t moja, kwa t mbili, bila e ya mwisho. Kioo kikajibu neno lilelile: HAYUPO.

Mara ya tano Gloriose akasema polepole, kwa Kiswahili chetu cha Kongo, "Basi, njo amekufa. Nitamwambia pasta tufanye matanga."

Mimi nilikuwa nachambua maharage mlangoni.

"Usimuzike mutu kwa sababu ya televizyo hii," nikasema. "Kwenu bantu balikuwa banamuita nani?"

"Mama Sylvain."

"Ezechiel, andika Mama Sylvain."

"Mama Gaspard, hiyo haiko jina," akaniambia, kwa upole wa mtu anayemfundisha mjinga. "Mashini inataka nom, postnom, prénom: jina la ukoo, la kati, la batizo. Tusanduku tuko tatu tu."

"Sawa, baba. Sasa tafuta jina langu mimi."

Akaweka vidole kwenye vitufe. Vikabaki hapohapo. Miaka minne tunaazimana chumvi, hajui nilibatizwa nani! Mkewe alicheka mpaka akakaa chini.

"Apollinaire aliuliza banamuke majina," nikaendelea, "bakamujibu vile banaitwa. Aliyaandika wapi?"

Ezechiel akaisogelea orodha. Kweli, pembeni kabisa kulikuwa na safu ya maelezo, imejaa mama wa fulani na mama wa fulani. "Programu yangu haifikage huko," akakiri. "Nilizania ni takataka."

"Asante," nikasema. "Kumbe sisi bamama ni takataka."

Siku mbili hakushona kitu. Sare za kwaya zikamngoja bila mikono. Alifuta, akaandika, akagombana na mashine, mara ikazimika yenyewe akaiomba msamaha. Siku ya tatu kisanduku cha nne kikatokea: MAMA WA NANI. Gloriose akashika kitenge changu. Ezechiel akabonyeza.

Mama Sylvain, saba.

"Saba?" akashangaa Ezechiel. "Nimekosea tena!"

"Hujakosea," nikamwambia. "Hiyo njo Fizi, kina Sylvain ni bengi kule."

Ikabidi tutunge swali la kuwachuja. Gloriose aliona haya, akaninong'oneza, nami nikasema kwa sauti: siku mgeni wa baba alipochinjiwa kuku, nani aliiba firigisi? Swali likaenda kwa Apollinaire, awazungukie wote.

Baada ya wiki tulikuwa watatu kwenye lile duka la Lilongwe, tumebanana mbele ya kioo kimoja. Ezechiel akasoma. Wanne hawajui. Mmoja anauliza kuku wanagawiwa lini. Wa sita kamfukuza Apollinaire na ufagio.

Akasogeza uso karibu na kioo.

"Soma!" nikampiga bega.

"Wa saba anasema: firigisi aliila Gloriose, nikachapwa mimi. Mwambieni matako bado yananiuma."

Gloriose aliruka, kiti kikaanguka. Akakikumbatia kioo, akakibusu, machozi yakichuruzika na kicheko juu yake. Duka zima likageuka. Mwenye duka, Mmalawi, akaja mbio na kitambaa chake cha kufutia, akidhani kafiwa, akimpa pole kwa Kichewa, "Pepani, amayi! Pepani!"

Yeye hakumsikia. Alishamgeukia Ezechiel, kidole juu.

"Andika mbiyo! Muongo mukubwa huyo! Mwambie tulikula nusu kwa nusu!"