Vibwenzi wa Tabea

Mwaka wa 1912, kabla ya mvua za vuli, karani wa boma alikuja sokoni kwetu Meru akasoma tangazo. Yatakuwako maonyesho ya kuku Arusha. Kila nyumba inaweza kuleta jozi moja, jogoo na mtetea wa mbegu moja, na atakayeshinda atapewa jozi ya kuku weupe kutoka Ulaya. Anayetaka kushindana aandikishe jina lake na idadi ya kuku wote walioko nyumbani kwake.

Watu wengine walisikiliza habari za zawadi. Mimi nilisikiliza lile la mwisho. Nyumba zetu zilihesabiwa kwanza, kodi ikaja baadaye. Sikuona kwa nini mzungu ahesabu kuku wangu kwa ajili ya kunifurahisha.

Wakati huo nilikuwa kijana, nalima kahawa na migomba mchana, na jioni nasoma kwa mwalimu wa misheni. Katika ukoo wetu ni mimi tu niliyeweza kusoma karatasi ya boma bila kumwita mtu. Dada yangu Hanna, mjane, aliishi kwangu pamoja na binti yake Tabea, mwenye miaka kumi na mmoja. Kuku wa nyumbani walikuwa wa Tabea. Alikuwa amewalea tangu mayai.

"Shikamoo, mjomba," alisema niliporudi. Habari ilikwisha kumfikia. "Tuchague wepi waende?"

Tukachuchumaa uani. Kulikuwa na jogoo mmoja wa kuchi, mrefu, mwenye miguu kama ya mtu, lakini hakuwa na mwenzake, kwa hiyo tulimwacha. Walibaki vishingo wawili, shingo tupu na nyekundu kana kwamba wamenyonyolewa wakakimbia sufuria, na vibwenzi wawili wenye kishungi cha manyoya kichwani. Nilimfundisha kutazama magamba ya miguu, macho, mfupa wa kifua, na kama jogoo na mtetea wanafanana rangi.

"Basi ni vibwenzi," alisema. "Hata wewe unaona."

Niliona. Ndiyo maana niliogopa.

"Tutapeleka vishingo."

"Mjomba, hao watachekwa."

"Anayechekwa hurudi nyumbani na kuku wake. Kuku mzuri akionekana bomani, unajua atakwenda jiko la nani?"

Tabea alimshika mtetea wa kibwenzi akamfunika kichwa kwa kiganja, kama unavyomkinga mtoto na jua.

Kwa karani niliandikisha kuku wawili. Karani, Elisaria jina lake, alinitazama.

"Wawili tu, Nathanaeli? Nyumba nzima?"

"Kicheche amekula wengine," nilisema. Aliandika.

Sasa ilibidi wale wengine wasionekane. Yule kuchi nilimpa shemeji yangu wa Poli. Vibwenzi nilitaka wawe mbali zaidi. Kwetu Meru, na kwa Waarusha pia, mtu hawaweki ng'ombe wake wote zizini pake. Baadhi huwaweka kwa rafiki. Rafiki hunywa maziwa, lakini ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Sijasikia mtu aliyeweka kuku namna hiyo, lakini nikamkumbuka Sironka, Mwarusha wa Sokon, aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yake Tabea. Waarusha wa rika lake hawakula kuku. Nilidhani hakuna mahali salama kuliko hapo.

Sironka aliwatazama vibwenzi kapuni, kisha mimi.

"Umeniletea ndege niwachunge? Nitawapeleka malishoni na mkuki?"

"Niwekee tu. Siku kumi."

"Wanakula nini? Wanalala wapi? Huyu dume anapigana?"

Aliuliza mengi. Mtu asiyekula kuku, anauliza dume anapigana, ya nini? Sikumwambia sababu yangu. Niliona siri ya kodi si ya kumpa mtu anayeuliza hivyo.

Siku tatu baadaye mwanamke wa Akeri aliniambia amemwona Namnyaki, mke wa Sironka, akiwapaka vibwenzi samli miguuni. Sikulala vizuri tena. Mtu hupaka samli kitu anachotaka kuuza.

Siku ya maonyesho mimi na Tabea tulitoka alfajiri na vishingo wetu kapuni. Tukavuka mto Nduruma, na jua lilipokuwa juu tukafika bomani. Makapu yalipangwa kwa mistari chini ya kamba. Watu waliopita kwetu walicheka. Mmoja alimwuliza Tabea kama wale ni kuku au watoto wa tai. Tabea aliinama tu, akiwapangusa vumbi.

Ndipo nikamwona Sironka anaingia, shuka yake nyekundu begani, na kapu jipya mkononi. Ndani yake vibwenzi walimeta kama waliooshwa kwa mvua.

"Mwizi," nilisema, na sikusema polepole. "Huyu anauza kuku wa watu."

Askari akaja. Elisaria naye akaja na daftari lake. Watu wakasogea.

Sironka hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyesalimiwa kwa lugha asiyoijua. "Nauza nani? Nyumba yangu iko karibu na boma. Nilijua umewaleta kwangu mapema wapumzike, wasichoke njiani. Ng'ombe wa rafiki akiitwa, mimi humpeleka mwenyewe. Nimekuja kuwaandikisha kwa jina la mtoto huyu."

Tabea alikuwa amesimama. Uso wake ulifunguka wote, na alikuwa anatazama kapu.

Elisaria alipekua daftari bila haraka. "Nathanaeli wa Meru. Kuku wawili. Kicheche." Akaweka kidole pale. "Vishingo hawa ni wawili tayari. Kama na hawa ni wa nyumba yako, basi uliidanganya serikali. Hawa ni wa nani?"

Askari alikuwa na kiboko mkononi, hakukiinua. Nilijua anayeidanganya serikali huchapwa mara ishirini na tano. Tabea alinivuta shati.

"Mjomba, mwambie."

"Ni wa Sironka," nilisema.

Elisaria aliandika. Mkono uliokuwa kwenye shati langu ukaondoka.

Bwana mwenye kuhukumu alipita saa nane, akawashika vibwenzi, akawageuza, akapuliza manyoya ya kishungi. Hao ndio walioshinda. Jina lililosomwa lilikuwa la Sironka, na Waarusha waliokuwapo walimtania kwamba sasa amekuwa mchunga kuku wa serikali.

Nilimtazama nikingoja aondoke na kuku wanne. Nilikuwa nimekwisha kujiambia kwamba ndivyo alivyopanga tangu mwanzo. Lakini alikuja moja kwa moja, akaweka makapu mawili mbele ya Tabea, vibwenzi katika moja na weupe katika jingine.

"Mwanangu, chukua kuku wako. Na hawa wageni ni wako pia. Baba yako angecheka sana leo."

Tabea alichuchumaa. Alipitisha kidole kwenye kishungi cha mtetea, mara moja, kisha akayasukuma makapu yote mawili kuelekea miguu ya Sironka.

"Naomba uniwekee, mzee. Nyumbani kwetu tumeandikwa kuku wawili."

Sironka alinitazama, akamtazama yeye. "Mpaka lini?"

"Mpaka nitakapowaita mwenyewe."

Akakubali kwa kichwa. Tabea akajitwika kapu la vishingo na kushika njia ya Meru bila kunisubiri. Nilimfuata kwa nyuma mpaka Nduruma, na alipovuka mto hakunipa kapu nimsaidie.

Kodi ya kuku haikuja mwaka ule, wala uliofuata. Elisaria alinieleza baadaye kwamba bwana yule alitaka tu kujua ni mbegu ipi iliyo nyingi mlimani. Sikumwamini, na Tabea aliendelea kwenda Sokon kila wiki kuwatazama kuku wake, bila kuniambia wamezaa wangapi.